Kupaka pikipiki rangi nyumbani: mukebe njo wa mwisho

Ndugu na dada wa chama, mara hii sitaandika juu ya muhogo. Nitaandika juu ya rangi ya pikipiki, juu mwaka uliopita rangi ilinikosesha kazi.

Mradi mumoja ulikuwa unatafuta wachunguzi wa mashamba upande wa barabara ya Yangambi, kazi ya miezi minne. Dosie yangu ilipita. Sharti lililobaki lilikuwa kuwa na pikipiki yako mwenyewe, katika hali ya muzuri. Siku ya kuonyesha vyombo, muzee aliyekuwa anaandika majina alizunguka yangu pole pole, akaweka kidole kwenye gardebu ya nyuma, na kipande cha kutu kikubwa sawa kifuniko cha chupa kikaanguka chini. Akaniambia kwa heshima: "Mutoto wangu, hii itakuacha njiani." Akaita mwingine. Pikipiki ilikuwa inatembea bila shida, njo ilinifikisha pale ile asubuhi. Lakini mutu ambaye hakujui anaanza na kile macho yake yanaona.

Ile pikipiki ni Yamaha AG 100. Kwa wenye hawajui, AG ni mwanzo wa neno la kilimo, agriculture. Yamaha waliitengeneza kwa kazi za shamba, na huku kwetu wengi tumeikuta mikononi mwa maagronomu, mashirika na watu wa afya vijijini. Hii yangu ilikuwa ya mujomba, aliyefanya kazi ya kilimo maisha yake yote. Alinipa siku nilipomaliza lisansi, akasema: "Mimi nimezeeka nayo, wewe utafute nayo mukate." Kwa hiyo kuiuza na kununua ingine ya Kichina haikuwa njia.

Pentere wa garaji aliniomba dola 80, rangi na kazi. Nilikuwa na 25. Nikanunua litre moja ya rangi ya mafuta, nyekundu, ile wanapaka nayo milango ya vyuma, brosi moja na karatasi mbili za papiyevere. Siku moja, kazi imeisha. Rezervwari ilikuwa inang'aa mpaka watoto wa kartie walikuja kujitazama sura ndani yake. Nilijisikia mutu mwenye akili.

Majuma matatu kisha, baada ya mvua mbili tatu nzito, rangi ikaanza kuvimba. Malengelenge madogo madogo, unapasua kwa ukucha, chini yake maji ya kahawia. Baada ya miezi miwili ilikuwa mbaya kuliko mbele ya kuipaka. Nikalaumu mukebe: rangi ya bei chini, wanatuibia. Kumbe mukebe haukuwa na kosa. Mwaka huu nimerudia kazi na rangi ya aina ile ile, bei ile ile, na mpaka leo, miezi saba, haijavimba hata mahali pamoja. Kilichobadilika ni kazi iliyofanywa mbele ya kufungua mukebe. Ninawaandikia hiyo.

Hapa munivumilie kidogo, juu bila kuelewa kutu utarudia kosa langu. Kutu inahitaji vitu vitatu: chuma, maji na hewa. Inapozaliwa inachukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyoizaa, tena iko na matundu madogo sawa sifongo, inashika maji. Ukipaka rangi juu yake, umefungia mwizi ndani ya nyumba pamoja na chakula chake. Rangi yenyewe siyo kioo, unyevu unaipita pole pole. Kutu inaendelea kukua chini, inasukuma, na rangi inainuka.

Na sisi tuko Kisangani. Mji unapata karibu milimita 1.700 mpaka 1.800 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi ambao mvua inatusahau kabisa. Rafiki yako wa Lubumbashi yuko na kiangazi cha kutoka Mei mpaka Septemba, anaweza kupaka rangi siku yoyote anayotaka. Wewe hapa unatafuta dirisha. Mwezi wa kwanza na wa pili mvua inapungua, mwezi wa sita na wa saba pia kidogo. Tena ndani ya siku yenyewe kuko dirisha lingine, nitarudi kwake.

Kitu cha pili cha kuelewa ni rangi ya mafuta. Inakauka mara mbili. Mara ya kwanza diluani inatoka, inaenda hewani. Hiyo ni masaa machache, unagusa na kidole hakishiki. Mara ya pili mafuta yenyewe yanashika oksijeni ya hewa na kujifunga pamoja mpaka yanakuwa ngozi ngumu. Hiyo ni siku na majuma. Wengi wetu tunadanganyika na ile ya kwanza: "imekauka", tunapanda, tunafunga mizigo, rangi inanyofoka na kamba.

Si mafuta yote yanajua kujifunga hivyo. Mafuta ya mawese hayakauki hata ukingoja mwaka, njo sababu mupanga uliopakwa mawese unateleza na kukusanya vumbi. Inalinda kwa muda, mvua inaosha. Mafuta ya mbegu ya kitani yanakauka vizuri sana. Ya soya yanakauka kiasi, na viwanda vingi vinayatumia kutengeneza rangi. Hata mbegu za hevea, hizi zinazopasuka na kuoza chini ya miti ya mpira katika provensi yetu, mafuta yake yako katika kundi la soya. Mufinalisti wa kemia au wa agro anayetafuta mada ya memware, nimekupa moja bure.

Kuko hadithi nzuri juu ya hiyo. Kapiteni mumoja wa meli, Robert Fergusson, aliona mafuta ya samaki yaliyomwagika juu ya sitaha ya chuma yenye kutu, na pale yalipomwagika kutu haikuendelea. Mafuta ya samaki nayo yanakauka. Kutoka hapo alitengeneza rangi, na kampuni yake, Rust-Oleum, ilianza Marekani mwaka 1921. Karibu na sisi, Wamarekani wenye mifuko myepesi wakaanza kupaka motokari nzima kwa rangi hiyo ya chuma ya bei chini, na rulo ndogo ya sifongo, katika uwanja wa nyumba yao. Tabaka sita au nane nyembamba, wanasugua kila mbili. Watu wa garaji waliwacheka, lakini kwa mbali hutofautishi.

Nani alisema brosi ni aibu? Mpaka mwanzo wa miaka ya 1920 motokari nyingi duniani zilipakwa kwa brosi, na kukauka kulikula majuma. Kisha njo DuPont na General Motors walileta Duco, kama 1923 na 1924, rangi inayopulizwa na kukauka kwa masaa. Kilichoshinda brosi ni haraka ya kiwanda. Wewe ambaye bado unangoja kazi, haraka ni ya nini?

Sasa mara ya pili. Nilianza kwa kufungua kila kitu kinachofunguka: rezervwari, kiti, gardebu, taa. Mara ya kwanza nilipaka mpaka kwenye mipaka ya kiti bila kukitoa, uvivu wa kawaida. Mara hii nilitoa kiti, nikachukua brosi ya waya, nikaanza kusugua bomba la shasi chini yake, pale maji ya mvua yanapokaa. Kutu ikatoka sawa maganda. Nikaendelea. Maganda yakaendelea. Mwisho brosi ikaingia ndani.

Karibu na kiungo cha nyuma, pale chuma inaposhikilia kiti na mzigo, kulikuwa tundu la kuingiza kidole, na kutoka hapo ufa uliozunguka karibu nusu ya bomba. Na juu ya ule ufa ilikuwa rangi yangu nyekundu ya mwaka uliopita, nzuri, ya kung'aa. Nilikuwa nimeupaka kwa mukono wangu. Kati ya ile siku na hii nilikuwa nimebeba juu ya hicho kiti mifuko miwili ya mbegu mpaka ng'ambo ya muto Lindi, na dada yangu na mutoto wake kutoka Mangobo mpaka hospitali usiku.

Nilikaa chini. Sikupaka kitu ile siku.

Nikakumbuka yule muzee wa mradi. Alikuwa na haki. Hakuona ufa, lakini aliona gardebu na akajua nyuma yake kuko nini.

Kwa hiyo nisikilizeni hapa kuliko pengine pote: kusugua mbele ya kupaka siyo tu kwa rangi ishike, ni uchunguzi. Mutu anayesugua pikipiki yake yote anajua pikipiki yake. Na ukienda kununua pikipiki ya mukono wa pili, ukaikuta imepakwa juzi, inanuka bado diluani, usifurahi. Omba watoe kiti. Pitisha ukucha kwenye viungo, chini ya shingo, mahali ambapo rezervwari inaficha. Kama muuzaji anakataa kutoa kiti, amekujibu.

Sudere alichukua dola 10, akakata kipande kilichooza, akaweka bomba jipya ndani na nje. Rezervwari ilibaki nyumbani, na kwako pia ibaki nyumbani. Rezervwari tupu ni hatari kuliko iliyojaa, juu mvuke wa esanse unabaki ndani na unahitaji cheche moja tu. Hata kusugua, ifungue kwanza, iweke nje kwenye upepo siku nzima, mbali na babula ya jirani na mbali na mutu mwenye sigara.

Kuosha. Sabuni ya unga, maji mengi, brosi ya nguo. Pikipiki zetu zinabeba mawese, samaki, chikwange, jasho; vyote hivyo vinaacha mafuta na chumvi, na rangi haishiki juu ya mafuta. Kisha kitambaa kisafi chenye diluani, unageuza kitambaa kila mara. Si esanse ya Kadhafi. Ninajua kila mutu anatumia ile ya chupa ya njiani juu iko karibu, lakini chupa yenyewe huwa na mabaki ya mafuta mazito, na yanabaki juu ya chuma. Petroli ya taa na mazutu ni mbaya zaidi. Jaribio lisilodanganya ni maji: mwaga kikombe juu ya rezervwari. Maji yakitandaa sawa shuka, iko safi. Yakijikunja kuwa matone, rudia.

Kisha papiyevere. Namba ndogo inakula, namba kubwa inalainisha. Pale penye kutu nilianza na 80, kisha 120, mpaka chuma nyeupe. Pale ambapo rangi ya zamani bado inashika vizuri, usiitoe yote; 240 na maji, mpaka ng'ao yote imekufa. Rangi mpya haishiki juu ya kitu kinachong'aa. Fanya kazi na maji na sabuni kidogo, siyo kwa uzuri tu: rangi nyingi za zamani, hasa za njano, machungwa na nyekundu, zilikuwa na madini ya risasi, ile plomu, na vumbi lake linaharibu akili ya watoto. Kashene ya wakati wa korona ni bora kuliko bure kwa vumbi, lakini haizuii harufu ya diluani. Watoto waende kwa jirani. Maji yale usiyamwage karibu na kisima.

Kwenye pembe ambazo papiyevere haiingii nilitumia maji ya ndimu. Asidi yake inakula kutu. Unapaka, unangoja saa moja, unasugua na brosi ya meno. Lakini ukiiacha humo, asidi ile ile itazaa kutu mpya, kwa hiyo osha na maji ya sabuni, kisha maji matupu, kisha kausha palepale na kitambaa na jua. Chuma iliyo uchi Kisangani inaanza kuota kutu siku ileile. Usiisugue jioni ukasema utapaka kesho.

Mbele ya rangi yoyote, antiruye. Hii njo kitu ambacho mara ya kwanza nilikiruka ili nibakize dola 4. Antiruye ya kahawia-nyekundu au ya kijivu, tabaka mbili nyembamba, siku moja katikati. Kama mfuko wako unaruhusu mukebe mumoja mzuri tu, weka pesa kwenye antiruye na ununue rangi ya juu ya bei chini. Watu wanafanya kinyume juu antiruye haionekani.

Lile dirisha la siku sasa. Wanafunzi wangu wa agro wanajua: jua likishuka, hewa inapoa, unyevu wake unapanda mpaka karibu asilimia 100, na chuma chini ya anga wazi inapoa haraka kuliko hewa. Njo umande. Umande ukianguka juu ya rangi ambayo haijashika, inageuka nyeupe-nyeupe na ng'ao inakufa. Kwa hiyo usianze mbele ya saa tatu asubuhi, wakati chuma bado ina jasho la usiku, na usipake kitu baada ya saa nane. Fanya kwenye kivuli, chini ya baraza: jua kali linafunga ngozi ya juu haraka na diluani inabaki chini, rangi inajikunja sawa uso wa bibi. Nyunyiza maji kidogo chini ili vumbi lilale. Usiku ingiza vipande ndani, katika chumba ambamo hakuna mutu analala.

Rangi nilichanganya na diluani mpaka ikaanguka kwenye kijiti sawa maziwa ya mukebe yaliyoongezwa maji. Rulo ndogo ya sifongo kwenye rezervwari, brosi laini kwenye mabomba. Tabaka ya kwanza itakuvunja moyo. Utaona antiruye chini yake, mistari, madoa. Utataka kurudisha mukono, uongeze. Usiongeze. Nilipoongeza, mwaka ule, rangi ilikauka juu na kubaki laini chini majuma mawili, alama ya goti langu iko pale mpaka niliisugua. Tano nyembamba zinashinda mbili nene. Kila siku moja, tabaka moja. Kila mbili, papiyevere ya 400 au 600 na maji, kwa upole, kuua vinundu vya vumbi.

Nikiri pia upumbavu mumoja. Nilijisemea: mimi agronomu niko na pampu ya mugongo ya litre 16, kwa nini ninunue rulo? Nikaweka rangi iliyochanganywa, nikapampu. Ilitoka matone makubwa sawa ya mvua ya mwezi wa kumi, juu ile mashine inatengenezwa kulowesha majani. Diluani ikavimbisha mipira yote ya ndani, pampu ikafa, na ilikuwa ya kuazima. Kama uko na mutu mwenye kompreseri na pistole, sawa, lakini basi usiguse nyumbani zile rangi za mikebe miwili, moja ya rangi na moja ya kuikaza. Zikipulizwa zinatoa isosianati, na mapafu yanayoanza kuugua kwa hiyo hayaponi vizuri. Brosi na rangi ya mafuta ni salama zaidi hata kwa mwenye pesa.

Vya kutopaka: mnyororo, mahali pa breki, mapezi ya injini yanayotoa joto. Eshapema inahitaji rangi yake ya kuvumilia moto, ya kawaida itaungua siku ya kwanza na kunuka mpaka nyumbani kwa mukwe. Gardebu za plastiki acha, mafuta hayashiki juu yake. Na namba ya shasi, ile iliyopigwa kwenye shingo ya pikipiki: ifunike na skochi, usiisugue na papiyevere, usiizibe na rangi. Namba iliyosuguliwa ni namba ya mwizi machoni pa roulage, na utaeleza mpaka jua linatua. Rangi nayo ikiwa imeandikwa kwenye karatasi za chombo chako, baki na rangi ileile au nenda uibadilishe huko kwanza. Mimi nilibaki na nyekundu.

Baada ya yote nilifunga, nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga mpaka soksi ikalowa jasho. Mudogo wangu amekaa mlangoni anakula karanga: "Yaya, umeipaka vizuri, sasa itakuwa ya kuangalia." Nusu siku nilitafuta kwenye buji na kabireta. Ilikuwa rangi. Bobini imefungwa juu ya shasi, na umeme wake unarudi kupitia pale. Mimi nilikuwa nimepaka tabaka mbili za antiruye na tano za nyekundu chini ya vile vibati. Umeme haupiti kwenye rangi. Nilikwangua upana wa kucha moja, nikafunga, kiki moja ikawaka. Kwa hiyo mahali pote waya wa mase unapogusa shasi, funika mbele ya kupaka.

Kisha kungoja. Siku saba sikuigusa. Majuma matatu sikuiosha na sabuni wala kufunga kamba juu yake, na mbele ya kutia esanse niliweka kipande cha mpira kuzunguka kifuniko, juu esanse ikidondoka kwenye rangi changa inailainisha. Doa moja liko pale, upande wa kushoto, siku ambayo Kadhafi alimwaga. Nitalirudia mwezi wa kwanza.

Hesabu: antiruye dola 6, rangi 5, diluani 3, papiyevere na rulo 5, sudere 10. Jumla 29, na siku 12 za kazi ndogo ndogo. Ongeza pampu ya watu niliyolipa, ambayo sipendi kuizungumzia. Bei kwenye soko inapanda na kushuka na meli, usije kunidai.

Kama hujawahi kushika brosi, usianze na pikipiki. Anza na kinga. Jirani yangu anafanya toleka, anabeba watu kutoka Tshopo mpaka soko kubwa, na kadri yake ilikuwa imeanza kula chini ya kiti sawa yangu. Nilimwambia tuifungue kwanza kabla ya rangi. Alicheka, kisha alipoona brosi ya waya inafanya nini hakucheka tena. Yake haikuwa na ufa. Ilimaliza robo tu ya rangi iliyobaki.

Matambara yenye rangi na mafuta usiyakunje kwenye kona: mafuta yanayokauka yanatoa joto, na furushi linaweza kujiwasha lenyewe. Yatandaze nje mpaka yawe magumu. Mukebe uliobaki, funga kifuniko kwa nguvu, kisha uweke kichwa chini. Ngozi itajifanya upande wa chini, na siku utakapoufungua utakuta rangi bado maji.